Mafuta ya damu: tunachorithi kwa wazazi na kilicho mikononi mwetu

Namna gani mtu mwembamba anaweza kuwa na kolesteroli nyingi kupita mtu mnene? Juu ya nini familia moja inazika wanaume wake mbele ya miaka 50, tena wote kwa ugonjwa wa moyo, na familia ya jirani wanazeeka vizuri na chakula ni kile kile? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya kile tunachopewa na baba na mama siku tunapotungwa mimba. Na somo kubwa kupita yote ambalo sayansi ilipata juu ya jambo hili ilifundishwa na watu wenye asili ya Afrika, wengine wao hapa karibu na Katanga, inchini Zimbabwe.

«Ni bugonjwa ya batajiri»

Ukiwauliza wakaaji wa Kambove juu ya kolesteroli, wengi watakujibu: «Ile ni bugonjwa ya batajiri na ya batu banene.» Na mtu akianguka ghafla, mkono na mguu wa upande mmoja havisikii tena, maneno ya kwanza kusikika mtaani ni «banamuloga». Familia inaanza kutafuta ni nani aliyefanya hivyo, na saa zinapita. Kumbe mara nyingi jambo lilianza miaka 20 ao 30 mbele, kimya kimya, ndani ya mishipa ya damu.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Kolesteroli si sumu. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo: inasaidia kujenga ukuta wa kila chembe ya mwili, inaingia katika kutengeneza homoni, na ini linaitumia kutengeneza nyongo ya kusagia chakula. Tena sehemu kubwa haitoki kwenye sahani. Ini na viungo vingine vinaitengeneza kila siku, hata kwa mtu anayekula bukari na sombe tu.

Shida ni ya usafiri. Mafuta na maji havichanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili unapakia kolesteroli ndani ya vifurushi vidogo vinavyoweza kuelea ndani ya damu. Fikiri yale magari makubwa ya mizigo kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi. Kifurushi kinachoitwa LDL ni sawa na gari lililopakia kolesteroli. Ini ndiyo depo. Kwenye ukuta wa ini kuna milango midogo mingi: mlango unashika LDL, unaiingiza ndani, mzigo unashushwa, kisha mlango unarudi nje kungojea gari lingine. Mlango mmoja unaweza kufanya kazi hiyo mara 100 na zaidi.

Milango ikiwa mingi, barabara inabaki wazi. Ikiwa michache, magari yanarundikana njiani, na LDL inapenya ndani ya ukuta wa mishipa. Chembe nyeupe za damu zinakuja kuimeza, zinavimba mafuta, zinakufa palepale. Mwaka juu ya mwaka donge linakua, mshipa unakuwa mgumu na mwembamba. Ndiyo hali wanganga wanaiita aterosklerosi. Haiumi, haiwashi, haileti homa. Lakini siku donge likipasuka, damu inaganda juu yake na njia inafunga. Ikifunga kwenye moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikifunga kwenye ubongo, ni AVC, kile ambacho wengi tunakiita kupooza.

Na haianzi uzeeni. Mwaka 1953 wanganga wa jeshi la Marekani walitangaza walichokuta walipopasua mioyo ya askari 300 waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 22. Zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa tayari na alama za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Walikuwa vijana wa jeshi, wenye nguvu. Tushike jambo hili la miaka, kwa sababu tutalikuta tena.

Nakala moja inatosha

Huku kwetu hakuna haja ya kueleza tangu mwanzo jeni ni nini. Kila familia inayojua ugonjwa wa SS inajua tayari kwamba mtoto anapokea nakala moja kwa baba na nakala moja kwa mama. Kwa SS, mtoto anaugua ikiwa nakala zote 2 ziko na kasoro. Mwenye AS anabeba kasoro, lakini kwa kawaida anaishi bila ugonjwa.

Kwa kolesteroli ya kurithi ni tofauti: nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta shida. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipokea, mvulana ao msichana, bila kutazama kama ni mnene ao mwembamba, tajiri ao maskini.

Waliofumbua jambo hili ni wanganga 2 wa mji wa Dallas, Marekani: Michael Brown na Joseph Goldstein. Katika miaka ya 1970 walichunguza watoto wachache waliokuwa na kolesteroli ya kupita kiasi tangu kuzaliwa, na wakagundua kwamba chembe zao hazina ile milango ya kushika LDL, ao milango ipo lakini haifanyi kazi. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ulimwenguni, karibu mtu 1 kati ya 300 anabeba nakala moja yenye kasoro ya namna hiyo. Asipotibiwa, karibu nusu ya wanaume wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo mbele ya miaka 50, na karibu wanawake 3 kati ya 10 mbele ya miaka 60. Mtoto aliyepokea nakala 2, mmoja kwa baba na mmoja kwa mama, ni nadra sana, karibu 1 kati ya 300 000. Huyo anaweza kupata mshtuko wa moyo mbele ya kufikia miaka 20.

Kiasi hicho kinabadilika kufuatana na historia ya watu. Kule Afrika ya Kusini, kati ya Waafrikana, uzao wa wahamiaji wachache waliotoka Ulaya, kasoro hiyo inakutwa mara nyingi sana: karibu mtu 1 kati ya 70 ao 100. Babu wachache walikuja nayo, na uzao ukaongezeka ukiwa nayo.

Zawadi iliyokutwa kwa watu weusi

Sasa tufikie upande mwingine wa habari, kwa sababu jeni haileti mabaya tu.

Mwaka 2003, mtafiti Nabil Seidah wa Montreal, Kanada, alitangaza protini moja ambayo leo inaitwa PCSK9. Mwaka ule ule, Marianne Abifadel na Catherine Boileau kule Paris, wakifanya kazi pamoja naye, walionyesha kwamba familia fulani za Ufaransa zenye kolesteroli nyingi zilikuwa na jeni ya PCSK9 iliyobadilika. Kazi ya protini hiyo ni gani? Inavunja milango. Inajishika kwenye mlango wa ini, na mlango ukiingia ndani na LDL, haurudi tena nje: unaharibiwa. Katika familia zile PCSK9 ilikuwa kali kupita kiasi, milango ikabaki michache, kolesteroli ikapanda.

Wanganga Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza swali la kinyume. Kama PCSK9 kali inapandisha kolesteroli, je, kuna watu ambao PCSK9 yao haifanyi kazi, na kolesteroli yao iko chini? Walitafuta kati ya wakaaji wa mji wao wenye kolesteroli ndogo, na mwaka 2005 wakatangaza jibu. Kati ya Wamarekani weusi, karibu watu 2 kwa 100 walikuwa na nakala moja ya jeni hiyo iliyokatika kabisa, na LDL yao ilikuwa chini kwa karibu 40 kwa 100. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, kukatika kwa namna hiyo karibu hakukutikani.

Mwaka 2007 watafiti wengine wakatangaza matokeo ya Zimbabwe, ambako walipima damu ya wanawake vijana zaidi ya 600 waliokuwa wakifuata kliniki ya mimba. Moja ya mabadiliko yale yale ilikutwa kwa karibu 3,7 kwa 100 kati yao, ni kusema karibu mwanamke 1 kati ya 27. Mmoja alikuwa na nakala zote 2 zilizokatika. LDL yake ilikuwa karibu 15 mg/dl, wakati watu wazima wengi wako na 100 na zaidi. Na alikuwa mzima. Zimbabwe si mbali na sisi: kati ya Katanga na Zimbabwe kuna Zambia tu.

Kwa hiyo zawadi ile iliyoonekana Marekani ilikuwa imetoka Afrika, ndani ya miili ya watu waliobebwa kwa nguvu kuvuka bahari.

Juu ya nini miaka ni muhimu kupita dawa

Mwaka 2006 Hobbs, Cohen na wenzao walitangaza matokeo ambayo yalishangaza wanganga wa moyo ulimwenguni pote. Walifuata Wamarekani weusi 3 363 kwa miaka 15. Kati yao 85 walikuwa na jeni ya PCSK9 iliyokatika. Wastani wa LDL ya watu hawa 85 ulikuwa 100 mg/dl. Kwa wengine ulikuwa 138. Tofauti ni 38 tu.

Katika miaka ile 15, karibu mtu 1 kati ya 10 wasio na zawadi ile alipata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kati ya wale 85, alipata mmoja tu. Hatari ilikuwa imeshuka kwa 88 kwa 100.

Tulinganishe sasa na dawa. Vidonge vya kushusha kolesteroli vinavyoitwa statini vilijaribiwa kwa watu wengi sana. Vikishusha LDL kwa kiasi karibu kile kile, 38 ao 39 mg/dl, kwa muda wa karibu miaka 5, mishtuko ya moyo, AVC na matatizo mengine makubwa ya mishipa yanapunguka kwa karibu 22 kwa 100. Ni faida kubwa. Lakini 22 si 88.

LDL imeshuka sawasawa. Tofauti inatoka wapi? Watu 85 ni wachache, hivyo ile hesabu ya 88 isichukuliwe kama kipimo cha mwisho. Lakini tafiti nyingine nyingi za jeni zilifuata na zilionyesha njia ile ile: tofauti ni miaka. Anayekunywa kidonge kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 anakuja kukuta mishipa imekwisha kubeba uchafu wa miaka 60. Aliyezaliwa na jeni iliyokatika hakuurundika tangu utoto. Mshipa hauhesabu sahani ya michopo ya jana jioni peke yake. Unahesabu jumla ya LDL iliyopita ndani yake tangu kuzaliwa.

Hilo ndilo somo kwa sisi wengine ambao hatukuzaliwa na zawadi: kushusha kidogo, lakini mapema na kwa miaka mingi, kunashinda kushusha sana wakati tumekwisha kuchelewa.

Je, sisi Waafrika tunalindwa?

Mtu anaweza kusikia habari hii na kusema: «Basi sisi weusi tuko salama.» Hapana.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1959 wanganga A. G. Shaper na K. W. Jones walitangaza kwamba kule Kampala ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuonekana kwa Waafrika wa Uganda, wakati kwa Wahindi wakaaji wa mji ule ule ulikuwa ugonjwa wa kawaida. Kolesteroli ya Waafrika ilikuwa chini. Wengi walisoma habari kama hizo na kufikiri kwamba damu ya Mwafrika ni tofauti. Lakini watu wale wa Uganda walikuwa wakila ndizi, viazi, maharagwe na mboga, na mafuta kidogo. Chakula, mji, sigara na kazi za kukaa zikibadilika, kinga ile inapotea. Jeni za watu hazibadiliki kwa miaka 60; namna ya kuishi inabadilika.

Tena hakuna «damu ya Afrika» moja. Kibara chetu ndicho chenye tofauti nyingi za jeni kupita vyote ulimwenguni. Tazama Kambove yenyewe. Wenyeji wa eneo hili ni Basanga na Balamba. Lakini tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, migodi ya Katanga ilivuta wafanyakazi toka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na kule ambako leo ni Zambia. Wengi walibaki, wakaoa, wakazaa. Kwenye barabara moja ya cité ya wafanyakazi unakuta urithi wa pande nyingi za Afrika. Hata tukichukua kiasi cha Zimbabwe, watu 26 kati ya 27 hawana zawadi ya PCSK9.

Na kuna urithi mwingine unaotuvuta upande mbaya. Kuna kifurushi kingine cha mafuta ndani ya damu, kinaitwa Lp(a). Kiasi chake kinaamuliwa karibu chote na jeni. Chakula hakikibadilishi sana. Kikiwa kingi kinaongeza hatari kwa mishipa, na kwa watu wenye asili ya Afrika wastani wake ni mara 2 ao 3 kupita kwa watu wa Ulaya.

Watafiti wa Afrika wenyewe wanaonyesha namna gani mambo haya ni magumu. Kuna hesabu mpya zinazojumlisha mabadiliko mengi madogo ya jeni kusudi kukadiria kolesteroli ya mtu. Mwaka 2022 kikundi cha watafiti, kati yao Segun Fatumo aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, Uganda, kilijaribu hesabu hizo kwa Waafrika. Hesabu iliyojengwa juu ya jeni za Wamarekani weusi ilifanya kazi kiasi kwa Wazulu wa Afrika ya Kusini, lakini kwa watu wa Uganda haikukadiria karibu kitu. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha jeni kilichojengwa mbali, akikuambia kitakuonyesha siku zako za mbele, weka franga zako mfukoni.

Jambo la mwisho hapa, na tulisikilize vizuri. Kwa AVC katika Afrika, adui wa kwanza ni tansio. Utafiti mkubwa uliofanywa Nigeria na Ghana na kutangazwa mwaka 2018 ulilinganisha watu zaidi ya 2 000 waliopata AVC na wengine wengi kama hao ambao hawakupata. Tansio ilikuja mbele kabisa. Mafuta mabaya ya damu yakafuata nafasi ya pili. Kati ya mambo mengine yaliyoonekana: tumbo kubwa, sukari, chumvi ya kuongeza mezani, na kukosa mboga za majani. Sombe na lengalenga ziko upande wetu.

Dawa iliyotoka kwenye zawadi

Kutokana na jeni ile iliyokatika, viwanda vilitengeneza sindano za kuzuia PCSK9. Mbili za kwanza, evolocumab na alirocumab, zilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2015. Zinashusha LDL kwa karibu 60 kwa 100. Bei ya mwanzo kule Marekani ilipita dola 14 000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Kisha ikashushwa mpaka karibu dola 6 000. Sasa iko nyingine, inclisiran, ambayo baada ya sindano za kwanza mtu anachomwa mara 2 kwa mwaka tu.

Hesabu hiyo inauma. Ujuzi ulitoka ndani ya damu ya watu wenye asili ya Afrika, na dawa iliyozaliwa nao ina bei ambayo mchimbaji wa Kambove hawezi kuilipa hata akiuza nyumba. Ni haki kulisema, na ni haki serikali zetu kulisimamia wakati zinapokubali watafiti wachukue damu ya wakaaji.

Lakini tusikae kungojea sindano. Statini ni dawa za zamani. Njia yake ilifunguliwa na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970, alipoikuta ndani ya ukungu kama ule unaoota kwenye chakula kilichooza. Leo makampuni mengi yanazitengeneza, na Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka simvastatini kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 2007. Kwa mtu anayezihitaji, kidonge kimoja kwa siku kinafanya kazi kubwa, ikiwa hakiachwi baada ya mwezi mmoja juu ya «najisikia muzuri».

Maswali ambayo wasikilizaji wanauliza

*Nani apimwe kwanza?* Mwenye baba, mama, kaka ao dada aliyepata mshtuko wa moyo ao AVC mapema: mwanaume mbele ya miaka 55, mwanamke mbele ya 65. Mwenye tansio ao sukari. Mwenye kuvuta sigara. Na kila mtu aliyepita miaka 40, hata kama ni mwembamba.

*Kipimo chenyewe ni gani?* Si kipimo cha jeni. Ni damu kidogo toka mkononi, maabara inapima kolesteroli yote, LDL, HDL na trigliseridi. Kama kituo cha afya cha mtaa hakina uwezo huo, uliza hospitali kubwa ya zone ya afya, ao Likasi, ao Lubumbashi, karibu kilomita 150. Kama safari ni ngumu, anza na tansio: kupimwa ni dakika chache, na kituo kidogo pia kinaweza.

*LDL gani inatia wasiwasi wa urithi?* Kwa mtu mzima, 190 mg/dl na zaidi. Kama karatasi ya maabara inaandika kwa gramu, ni 1,90 g/l. Ukikuta hivyo, mwambie munganga habari ya familia yote, na watoto wako nao wapimwe. Mtu aliyekutwa na kasoro hii anaweza kuokoa ndugu 3 ao 4 ambao hawajui kitu.

*Kuna alama za kuonekana kwa macho?* Mara nyingine. Vinundu vigumu kwenye mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ao juu ya viungo vya vidole vya mikono. Madoa ya manjano kwenye kope. Duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kwa mtu ambaye hajafikia miaka 45. Wengine hawana alama yoyote.

*Mafuta ya mawese ni mabaya?* Mawese hayana kolesteroli, kwa sababu hakuna mmea wenye kolesteroli nyingi ya kuhesabu. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayofanya ini lipunguze milango yake. Mafuta ya karanga yana chini ya robo. Si lazima kuyaacha kabisa: yapunguze, pima kwa kijiko pahali pa kumimina, na usikaange tena na tena ndani ya mafuta yale yale. Ndagala, maharagwe, sombe, karanga na matunda vinaweza kuchukua nafasi kubwa kwenye sahani, na ngozi ya kuku pamoja na mafuta ya mbuzi vikapewa nafasi ndogo.

*Nikiwa na kasoro ya kurithi, chakula kizuri kitaniponya?* Kitakusaidia, lakini peke yake hakitoshi. Milango iliyokosekana hairudishwi na mboga wala na mizizi. Hapo dawa ni ya lazima, na ni ya maisha. Usiache dawa ya munganga juu ya chupa ya mitishamba iliyouzwa sokoni. Na mama mwenye mimba ao anayetaka kubeba mimba aongee na munganga kwanza, kwa sababu kwa kawaida statini inasimamishwa wakati huo.

*Mtu akianguka tufanye nini?* Tazama uso: umeanguka upande mmoja? Mwambie ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie aseme neno: linakorogeka? Moja tu ya hayo ikionekana, peleka hospitali saa ile ile. Maombi yanaweza kufanywa njiani. Hivyo hivyo kwa maumivu mazito ya kifua yanayoshuka mkononi ao kupanda kwenye taya, pamoja na jasho baridi.

Kuuliza familia

Kipimo cha bei ndogo kupita vyote hakihitaji maabara. Ni maswali kwa wazee, siku ya kilio ao ya ndoa, wakati ndugu wote wamekusanyika. Babu alikufa na miaka mingapi? Alianguka ghafla, ao aliugua muda mrefu? Shangazi yule aliyepooza, ndugu zake wa tumbo moja walipatwa na nini? Andika majibu kwenye daftari, na ulipeleke siku ya kumuona munganga.

Familia nyingi zimebeba vifo hivi kama laana, na zimegawanyika juu ya kushitakiana. Daftari hilo linaweza kuonyesha jambo lingine: mlango mmoja mdogo wa ini ambao haufanyi kazi vizuri toka kwa babu mpaka kwa mjukuu, na ambao kwa mjukuu unaweza kutafutiwa dawa akiwa bado na miaka 20.